Njumu za mtumba za meno sita: kutoka Kibuye hadi tope la Kakamega

Bao lililonipandisha matatu kwenda Kisumu lilifungwa mwezi wa Machi, dakika za mwisho, na lilipitia kwangu. Mimi ni beki wa kati wa timu ya wanawake mtaani kwetu Lurambi, Kakamega. Mpira mrefu ulipigwa juu yangu, nikageuka kuukimbilia, mguu wa kushoto ukaenda na mwili ukabaki. Nikiwa kifudifudi kwenye tope niliona soksi za fowadi wao zikipita. Kipa wetu akatoka, naye akateleza. Moja bila.

Nilikuwa nimevaa njumu za meno mengi mafupi ya raba, kumi na matatu kila mguu. Karibu kila mchezaji huku anazo, maana zinafaa uwanja mkavu na bei yake inavumilika. Nilipofika nyumbani nilizipindua nikatazama chini. Hakuna jino hata moja lililoonekana. Tope lilikuwa limejaa katikati ya meno likawa bapa moja laini, kama nyuma ya sufuria. Yaani nilicheza nusu saa nzima nikiwa kama nimevaa kandambili.

Nauza katika duka la pembejeo, kwa hivyo mizani haiko mbali. Kesho yake nilipima kiatu kimoja kabla ya kukiosha: gramu 590. Nikakiosha, nikakikausha siku mbili, nikapima tena: gramu 240. Kila hatua nilikuwa nainua gramu 350 za shamba la watu. Hapo nikaamua kutafuta njumu za meno sita ya kukaza kwa skrubu, zile wanazovaa watu wa uwanja laini. Hii ndiyo taarifa yangu baada ya kuzivaa msimu mzima.

Kwanza nieleze kwa nini kwetu hili si jambo la siku moja moja. Kakamega hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yake huanguka alasiri. Asubuhi jua linawaka, hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda kadiri joto linavyozidi, inakutana na upepo wa mashariki, na kufikia saa tisa mbingu imeshakuwa nyeusi. Mechi zetu nazo huanza saa kumi! Timu inayofanya mazoezi ya uwanja mkavu peke yake huku kwetu inajiandaa kwa mashindano ya mahali pengine.

Nilikwenda Kibuye, soko kubwa la Kisumu, Jumapili, siku ambayo linajaa zaidi. Ukitoka kwetu unapita Chavakali, Mbale, Majengo, Kiboswa, kisha unaanza kuteremka na ziwa linaonekana. Viatu vya mpira vina safu yao, na nilipita vibanda kama vinne kabla ya kusimama kwa mzee mmoja aliyekuwa ametundika njumu jozi jozi kwa kamba zake, zimeoshwa, meno yamesuguliwa. Sikuuliza jina la kibanda, na nadhani hakina.

"Mzee, hizi ni ngapi?"

"Unachezea wapi, nyathina (mwanangu)?"

"Kakamega."

"Basi weka hizo chini. Tope lenu ni jekundu, la kuteleza. Meno ya hizo ni mafupi."

Akanitolea nyingine. Ngozi halisi juu, nyeusi, jina la kampuni limeshafutika kando. Meno sita ya aluminiamu, manne mbele na mawili kwenye kisigino. Akaweka kidole kando ya jino la kisigino na kuniambia nisivae fupi kuliko hapo wakati wa mvua. Alianzia elfu mbili na mia tano, nikatoa elfu moja na mia mbili, tukaongea, tukaongea tena, tukakutana elfu moja na mia nane. Ndani ya bei hiyo alinipa ufunguo mdogo wa kukazia na meno nane ya akiba kutoka kopo la maziwa ya unga: manne marefu, manne ya kadiri. Nimenunua vitu vingi sokoni, na ni nadra kukutana na muuzaji anayeuliza matumizi kabla ya kutaja bei. Kwa hilo nampa alama zote.

Sasa kasoro. Nilikunja kiatu kuona kinakunjika wapi (kikunjike penye vidole, kikikunjika katikati ya wayo kiache). Nilifungua meno ya mbele yote na kuyarudisha. Ya kisigino nilifungua matatu kati ya manne. Lile la nne, la ndani mguu wa kulia, ndilo lililokuwa na tundu lililolika: linazunguka bila kushika. Niligundua nikiwa nyumbani. Nilimpigia mzee simu na hakubishana. Alinirudishia shilingi mia mbili kwa simu siku hiyohiyo, ingawa sote tunajua mtumba haurudishwi. Fundi wa viatu wa hapa Kakamega alilizungushia ile tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, likashika mechi mbili, kisha likang'oka. Mara ya pili alilibandika moja kwa moja kwa gundi ya vyuma. Halitoki tena, lakini pia siwezi kulibadilisha, kwa hivyo kisigino hicho kina jino refu daima. Ukienda kununua, fungua yote. Yote. Muuzaji akikuharakisha, hamia kibanda kingine.

Mechi ya kwanza nilizovaa ilikuwa Aprili, nyumbani, mvua ilianza dakika ya kumi. Nilisimama. Siwezi kueleza raha yake kwa mtu ambaye hajawahi kukaa wiki tatu akikumbuka soksi za fowadi. Nilikanyaga, mguu ukakaa pale nilipouweka. Baada ya mechi nilirudi kwenye mizani na kiatu chenye tope: gramu 410. Kikiwa kikavu ni gramu 290. Kumbe kikavu ni kizito kuliko zile za raba, lakini tope linalobaki ni theluthi tu ya lile la kwanza, kwa sababu meno yako mbali mbali na udongo unapata njia ya kudondoka.

Lakini goti la kulia liliuma usiku ule, na hapa nataka msomaji anisikilize vizuri. Njumu hizi zinashika kweli. Ukizoea kuzunguka juu ya mguu uliokanyagia, kama tunavyofanya na meno ya raba, kiatu kinabaki kimezama na goti ndilo linalozunguka. Nilichukua majuma mawili kujifunza upya: hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, na kugeuka kwa kuinua mguu na kuuweka, si kwa kuupindisha. Nilifanya hivyo jioni nyuma ya duka peke yangu, mbele, kando, nyuma, kama mtu anayecheza isukuti bila ngoma. Asiye tayari kubadilisha mwendo asinunue njumu hizi, nasema hivyo bila kusita.

Na mwendo ndio mwanzo tu. Baada ya kuacha kuanguka, nilianza kuona mpira wa mvua ulivyo, kitu ambacho mtu anayepigania kusimama hawezi kukiona. Kwenye nyasi zilizolowa mpira haudundi kama kawaida. Ukitua unateleza bila kupunguza kasi kama siku kavu. Kwenye dimbwi unakufa palepale. Hayo mawili yanaweza kuwa hatua tano kutoka moja hadi nyingine. Uwanja wetu una nyasi pembeni kwa mawinga, lakini katikati na mbele ya magoli ni kipara, kwa sababu huko ndiko miguu inakokanyaga kila siku, na ndiko maji yanakokaa. Kwa hivyo pasi fupi fupi za kupitia katikati, ambazo tunazipenda sana Januari, Aprili ni zawadi kwa wapinzani.

Kocha wetu ana desturi ambayo zamani niliiona ya kupoteza wakati. Kabla ya mechi tunatembea uwanja mzima na mpira, tunauachia kutoka usawa wa kifua mahali kama kumi, tunaona wapi unadunda na wapi unabaki. Tukishinda kura ya sarafu tunachagua goli ambalo dimbwi liko mbele ya kipa wao kipindi cha pili, wakati limeshakuwa kubwa. Sasa mimi ndiye wa kwanza kuanza kutembea, na meno yale hunipa habari nyingine: yakizama yote najua hapo si mahali pa kumiliki mpira, ni pa kuupiga mara moja.

Beki akicheza kwenye maji lazima aamue mapema. Mimi nasimama hatua mbili nyuma zaidi ya siku kavu, kwa kuwa mpira mrefu ukitua kwenye nyasi utanipita. Mpira wa juu siuachi udunde, naupiga kwa kichwa au kwa mguu ukiwa bado hewani, hata kama ni kuutoa nje. Kuteleza chini ili kuuondoa nimeacha kabisa ndani ya eneo la hatari. Siku ya mvua ukijiachia chini husimami pale ulipopanga. Utaupita mpira na kumkuta mtu, na hiyo ni penalti. Nabaki wima, namsukuma fowadi kuelekea penye dimbwi, nangoja mpira umsaliti. Mara nyingi unamsaliti.

Pasi ya kurudisha kwa kipa tuna sheria: usiielekeze golini. Mpe kando ya nguzo, ili ukimponyoka iwe kona. Na tunapata mabao mengi zaidi siku hizi kwa mashuti ya chini ya mbali, yanayotua hatua moja mbele ya kipa, huku mtu mmoja akifuata kila shuti bila kuuliza. Mpira uliolowa ni mgumu kudaka. Unapanguliwa, na wa pili ni wetu.

Uzito wa mpira nao niliupima, maana mizani iko. Sheria za mchezo zinataka mpira wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, na mipira inayopata alama ya juu kabisa ya FIFA hairuhusiwi kunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Mpira wetu wa kushonwa, uliochakaa nyuzi, ulianza vizuri na kumaliza ukiwa zaidi ya nusu kilo. Pasi niliyoizoea ya mita thelathini ilianguka ishirini. Kama timu yako ina pesa ya kitu kimoja tu msimu wa mvua, nunueni mpira mzuri kwanza, njumu baadaye. Najua hii ni tathmini ya njumu, lakini ukweli ndio huo.

Mei tulialikwa mechi ya kirafiki upande wa Ahero, kwenye tambarare za Kano, na nikaelewa alichosema mzee wa Kibuye. Udongo wa huko ni mweusi, ule unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kugeuka gundi wakati wa mvua. Kwetu unateleza juu ya udongo. Kule udongo unakushika na kukufuata. Nilikuwa nimekaza meno marefu kama kwetu, nikakosea. Kila hatua nilikuwa nang'oa mguu kama mhogo. Mapumziko nilibadilisha ya mbele nikaweka ya kadiri, nikapaka mafuta ya kujipaka kwenye soli, mbinu niliyoonyeshwa na kipa wa wenyeji, dada mmoja mkarimu sana, na kipindi cha pili tope halikunata kama mwanzo. Hapo ndipo faida ya meno ya kukaza inapoonekana: nusu ya kiatu unabadilisha kwa dakika sita. Ni mechi hiyo pia ambapo lile jino bovu liling'oka. Nilimaliza na meno matatu... nisahihishe, matano mguu wa kulia, na nilihisi kama nimevaa kiatu cha mtu mwingine.

Kocha hupenda kutuhadithia fainali ya Kombe la Dunia ya 1954 kila tunapokaza meno, nami sichoki kuisikia. Bern, Uswisi, tarehe 4 Julai, mvua inanyesha. Hungary hawajafungwa tangu 1950, na ndani ya dakika nane wako mbele mabao mawili. Ujerumani Magharibi wamevaa njumu ambazo fundi wao, Adi Dassler, amezitengeneza ziwe na meno ya kukaza kwa skrubu, na kwa mvua ile amewawekea marefu. Wanasawazisha, na dakika ya 84 Helmut Rahn anafunga la tatu. Watu husema viatu ndivyo vilivyoshinda. Mimi sikubali moja kwa moja. Nahodha wao, Fritz Walter, alikuwa amewahi kuugua malaria wakati wa vita, na inasemwa tangu hapo joto lilimchosha na mvua ikawa hali yake nzuri, hadi Wajerumani wakaita mvua ya aina hiyo hali ya hewa ya Fritz Walter. Huku kwetu ambako malaria tunaijua kwa jina na kwa baridi yake, hadithi hiyo inanigusa. Kiatu kilimsaidia mtu aliyekwisha kuipenda mvua.

Juni tulipata siku kumi bila mvua, nikajaribu kuzivaa kwenye uwanja uliokauka. Usifanye hivyo. Meno ya chuma hayazami, unasimama juu ya ncha sita, na nyayo zangu ziliwaka kama nimekanyaga kokoto. Nilizivua mapumziko nikarudi kwa zile za raba, ambazo sijazitupa na sitazitupa. Kwenye nyasi bandia pia usizipeleke. Viwanja vingi vya aina hiyo vinakataza meno ya chuma. Na kabla ya mechi pitisha kidole kwenye kila jino. Aluminiamu ikikwaruzwa na mawe hupata ukingo mkali unaoweza kuchana mguu wa mwenzako, na refa anayekagua viatu ana haki ya kukurudisha ukabadilishe. Mimi nasugua kwa msasa kila Ijumaa.

Kuzitunza si kazi kubwa. Osha kwa maji baridi na brashi, jaza magazeti ndani, badilisha magazeti asubuhi, ziweke kivulini. Ngozi ikikaushwa karibu na jiko hupasuka na gundi ya soli huachia. Mwenzangu mmoja alipoteza jozi nzuri hivyo. Meno uyatoe yote kila baada ya mechi, upake mafuta kidogo kwenye skrubu, uyarudishe. Ukiyaacha wiki tatu kwenye unyevu huu wetu yatashika kutu kwenye soli na hata fundi atahangaika.

Radi ikianza, kiatu hakina msaada wowote. Kocha wetu anatutoa uwanjani ngurumo ya kwanza, tunangoja nusu saa tangu ile ya mwisho kusikika, na si chini ya mti. Timu nyingine hutucheka. Sisi tunaingia kwenye jengo.

Kwa bei niliyolipa, pamoja na mia mbili niliyorudishiwa na kazi ya fundi, njumu hizi zimenipa mechi kumi na moja za mvua, na sijaanguka peke yangu hata mara moja tangu nilipojifunza kugeuka. Zinamfaa beki, kiungo mkabaji na kipa kuliko wengine. Winga mwepesi anaweza kuziona nzito, na kwa mtoto ambaye miguu bado inakua singeshauri meno ya chuma hata kidogo, magoti yake ni ya thamani zaidi.

Shida kubwa iliyobaki ni namba. Karibu zote zinazokuja ni za wanaume, nane kwenda juu, na mimi ninayevaa saba nilikuwa na bahati. Mwezi uliopita niliwapeleka wawili wa timu yetu Kibuye, tukafika kabla ya saa mbili asubuhi, maana wachezaji wa Kisumu wenyewe huchagua mapema. Mzee alinikumbuka, akaulizia lile jino la kisigino kabla hata hatujaketi, kisha akatoa chini ya meza jozi ya namba nne aliyokuwa ameiweka kando tangu Jumapili iliyotangulia. Winga wetu wa kulia alisema ni nzito, akazijaribu, akanyamaza, akazilipia elfu moja na mia tano. Safari hii tulifungua meno yote kumi na mawili palepale, mzee mwenyewe akishika ufunguo.